Gambuti za kina mama wa Chunya zilivyonusuru kona yangu Kariakoo

Wakuu wa humu ndani, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi nimesoma uzi humu, watu wanabishana kama madini yana faida kwa mtu wa kawaida na kama yana kesho. Mmoja akasema faida yote inapanda ndege. Nikaona ngoja niwape ya kwangu. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mdada, niko Kariakoo, hatua chache kutoka mtaa wa Msimbazi. Duka ni la kaka yangu, tumwite Eliud. Sisi ni watu wa Rombo, na kaka anauza mapazia tangu mimi niko shule. Kwake yeye kitu kisichotundikwa dirishani si biashara.

Nilimbembeleza mpaka akanipa kona nyuma ya duka niuze vifaa vya wachimbaji wadogo. Taa za kichwani, kamba, glovu, gambuti. Nilikuwa nawaona wateja wa mikoani wanazunguka na mabegi mgongoni wakivitafuta.

Kaka alikubali kwa shingo upande.

"Neema, madini yanaisha. Dirisha haliishi. Nakupa mpaka tunapanda Moshi Krismasi. Kona isiposimama, narudisha mapazia yangu."

Wenzangu wa Kilimanjaro mnajua, Desemba kwetu haina mjadala. Duka linafungwa na watu wanapanda. Kwa hiyo nilikomaa kwelikweli.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Zuhura wa Chunya. Hatukuwahi kuonana, ni simu tu. Ana kikundi cha kina mama, wana duara lao, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na karasha la kusagia mawe.

Mvua zilipoanza akaagiza gambuti za kikundi kizima, namba 37 na 38. Nikamwachia kaka afunge mzigo, mimi nikaenda mtaa wa Gerezani kufuata kamba.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwa mtu wa Kariakoo, gambuti ya mchimbaji inaanzia namba 40. Katoni ndivyo zinavyokuja. Chini ya hapo ni ya mwanafunzi.

Kaka akaona 37, akaona mvua, akajiongeza. Akachukua duka la jirani gambuti za watoto, akafunga. Za kijani. Zenye macho ya chura mbele!

Mzigo ukapanda basi, mimi sina habari.

Ulipofika Mama Zuhura akanipigia video call. Nikaamkia, akaitikia marahaba kavu, akageuza simu.

Wakuu, kina mama wazima, wamejifunga vitenge, wamesimama juu ya mawe, kila mguu una chura. Mmoja alikuwa anacheka mpaka amekaa chini.

"Wenzangu wanacheka, mimi sicheki," Mama Zuhura akasema. "Jiwe likikuangukia haliangalii katuni. Tumechoka kuvaa 41 tunajazia matambara, juzi mwenzetu kateleza kwenye ngazi kateguka mguu. Nitafutie kiatu cha mtu mzima kinachonitosha, mwanangu. Ukishindwa, tunahamia kwa mwingine."

Kaka nilimnunia siku nzima. Halafu nikaingia mtaani.

Duka baada ya duka, jibu ni moja: "Dada, namba hiyo cheki upande wa watoto." Yaani soko zima hili hakuna aliyewahi kujiuliza kama anayechimba anaweza kuwa mwanamke. Hata mimi sikuwahi, na mimi ni mwanamke. Iliniuma.

Mwisho nikaishia Mchikichini, kwenye mitumba. Kule kuna buti za kazi zinazotoka viwanda vya nje, na kwenye viwanda hivyo wanawake wamejaa. Nikainama kwenye marobota mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nikazipata. Chuma mbele, soli nene, namba 37 na 38!

Nikazituma. Majibu yakaja kwa sauti, vigelegele vitupu. Nilivisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri humu.

Ila kaka hakutikisika. "Mteja mmoja si biashara." Wiki ya kufunga duka akaanza kupanga marobota ya mapazia kwenye kona yangu. Nikaanza kukusanya taa zangu kwenye boksi.

Ndipo akaingia mama mmoja mnene mwenye sauti ninayoijua, na kundi la wenzake nyuma, wote na zile buti. Wamekuja Dar kununua mahitaji ya sikukuu. Nilimkumbatia Mama Zuhura kabla sijamaliza shikamoo.

Wakachukua taa, wakachukua kamba. Kisha wakaanza kushikashika mapazia. Hili la sebuleni, hili la chumba cha watoto. Kumbe kila mmoja anajenga au amemaliza.

Kaka akashindwa kuvumilia. "Mama, samahani. Hivi hiyo dhahabu ikiisha mtafanyaje?"

"Itaisha, baba, nani kakwambia haiishi?" Mama Zuhura akacheka. "Ndiyo maana tunajenga leo na watoto tunasomesha leo. Na karasha letu linasagia hadi mawe ya vikundi vingine. Sasa wewe unauza mapazia, ulidhani madirisha yapo mjini tu?"

Kaka yangu akavuta ngazi, akaanza kuwashushia mapazia waliyochagua.

Alifunga mapazia yale kwa mikono yake na kuyapakia kwenye guta mwenyewe. Aliporudi akasimama katikati ya duka, anaangalia mbele, anaangalia nyuma.

"Neema, hamishia vitu vyako mbele. Mimi nitakaa kona."

Nililia, wakuu. Mbele ya wateja.

Nilichojifunza ni kwamba hela ya madini haiishii kwenye duara. Inapita kwenye paa, ada na mapazia, inafika mpaka Kariakoo. Na kesho ya madini naiona kwa hao ambao hata kiatu hatukuwawekea.

Wa Geita, Mererani, Tunduru na kwingineko, huko kwenu kukoje? Bisheni, ulizeni, nasoma yote. Ukipita Msimbazi usiulize mtu, mimi ndiye utakayemwona kwanza mlangoni.