Zuio Lililobaki Mjini

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Karani Mkuu wa mahakama ya Machakos alinikabidhi mkoba wa ngozi na onyo. "Kijana, wewe kazi yako ni kupeleka hati. Usibishane na mtu. Ukirudi bila muhuri ya kupokea, hukuenda." Nilishika maneno hayo mpaka wenzangu wakanibandika jina la Bwana Muhuri, nami kwa ujinga wangu nikaona ni sifa.

Ninyi mnaotumiana hati kwa simu hamtujui. Aliyeweka shamba rehani akishindwa kulipa, benki ilimpa dalali alipige mnada. Mwenye shamba aliweza kukimbilia kwetu na ombi la dharura, pamoja na hati ya kiapo ya kueleza shida yake. Jaji akiridhika alitoa zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha mnada hadi pande zote zisikilizwe. Amri hiyo ilitembea kwa miguu yangu. Nyundo ya dalali ikigonga kwanza, haki ya kulikomboa shamba ilikwisha.

Nilipelekwa Kitui miaka miwili, nikarudishwa Machakos. Hapo ndipo alipokuja Nduku, mjane wa Kithyoko. Mumewe alikuwa amekopa kwa shamba lao ili anunue pampu ya kumwagilia nyanya, kisha akafa na kuzikwa humo humo. Jaji alimpa zuio alasiri, siku moja kabla ya mnada. Wakili wake akaenda zake Nairobi, hati ikabaki mkononi mwangu.

Kesho yake saa mbili na robo asubuhi nilifika ofisini kwa dalali, hapa mjini. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwenda Kithyoko. Msichana wa ofisi akagonga muhuri kwenye nakala yangu, nikaridhika. Nduku alikuwa ananingoja mlangoni.

"Haya karani, twende stendi. Basi inatoka saa tatu, na mnada ni saa sita."

"Mwaitu," nikamwita, yaani mama kwa Kikamba, "kazi imeisha. Ofisi imepokea."

"Ofisi haiuzi. Anauza ni yule mtu ako kule na kengele. Basi nipatie mimi hiyo karatasi nipeleke."

"Mwenye kesi hapeleki hati yake mwenyewe."

"Karani, hiyo shamba iko na kaburi ya bwanangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikavuka barabara, nikaingia hotelini kunywa chai. Kupitia dirishani nilimwona akikimbilia stendi mikono mitupu.

Kule Kithyoko alipiga kelele kwamba mahakama imesimamisha mnada. Dalali akamwomba karatasi. Hakuwa nayo. Watu wakacheka, nyundo ikagonga, na shamba likachukuliwa na mfanyabiashara kutoka Thika.

Tuliporudi mahakamani, dalali aliapa kwamba hakuiona amri, na mnunuzi akasema hakujua lolote. Jaji akanigeukia.

"Karani, ulimpa dalali mwenyewe kwa mkono?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini ofisi yake ilipiga muhuri."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

"Na basi la Kithyoko huondoka saa ngapi?"

Mauzo yakabaki kama yalivyo. Nje, Karani Mkuu alinipigapiga begani akasema, "Usijali, faili yako iko safi." Alitaka kunifariji, lakini nilitamani ardhi inimeze.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na kila zuio nililifuata hadi mnadani, hata kwa nauli yangu. Sikumrudishia Nduku shamba lake kwa kufanya hivyo. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu wangu. Niliona aibu kukaa pale mbele nikipigiwa makofi.

Mwezi uliofuata nilienda Kithyoko kuomba msamaha. Nduku alikuwa akiishi chumba kimoja sokoni kwa binti yake, akiomba ruhusa kila anapotaka kupalilia kaburi. Alinitambua mara moja. Nilianza hotuba yangu ya msamaha. Akaniwekea kiti, akamimina chai.

"Kunywa tu, karani," akasema. "Basi ilishaenda."