Mstari wa Mkaa

Isidori, mganga msaidizi wa wodi ya watoto, hakuwa na papara na tumbo la mtoto. Kwanza alitia viganja makwapani vipate joto, maana baridi ya Mbulu haina adabu. Kisha alifumba macho, akabonyeza polepole chini ya mbavu mpaka aupate ukingo wa ini, akachora mstari wa kalamu ya bluu papo hapo. Manesi walimtania kwamba anapima viwanja.

Efrazia alikuwa na miaka minane. Saratani ya taya ilishanywea kwa sindano, na bibi yake, Ludovika, alishaanza kuulizia safari ya kurudi Balangdalalu. Ndipo ini likavimba hadi karibu na kitovu, homa juu. Daktari akasema saratani imehamia huko, mtoto asiteswe zaidi. Baba yake, Margwe, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, akaahidi kuja na lori Jumamosi ijayo, ili mtoto akafie nyumbani.

Isidori hakukubali. Alipomgusa kati ya mbavu, mtoto aliruka kwa maumivu, naye akashuku jipu la amiba. Akaomba wiki moja ya vidonge. Ukingo ukirudi juu kuupita mstari aliomchora, ni jipu. Usiporudi, lori limchukue. Daktari akaridhia. Siku iliyofuata Isidori akatumwa Yaeda Chini kuchanja watoto, roho ikabaki wodini.

Jumamosi alirudi na vumbi lake, akamkuta Margwe ameketi kando ya kitanda, kofia mkononi, na Ludovika upande wa pili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

Homa ilikuwa imetulia, lakini homa hushuka na kupanda. Yeye aliutaka mstari. Akapasha viganja, akafumba macho, akabonyeza. Alipofumbua, kidole kilikuwa pale pale kwenye mstari, hakijapita hata unywele. Alimpenda sana mtoto huyu. Akainama ili Margwe asiyaone machozi yake, na hapo akagundua kuwa mstari ule ni mweusi.

“Bibi, nani amechora hapa?”

“Ni mimi, kwa mkaa. Kila asubuhi namwogesha, siwezi kumwonyesha daktari mtoto mchafu. Wako ukafutika. Basi nikapapasa kama wewe, nikachora. Nimechinja mbuzi wengi, ini nalijua. Wako ulikuwa huku,” akagusa karibu na kitovu, “lakini ini halifiki huku tena. Kila siku nasogeza juu kidogo. Nimekosea?”

Isidori akapima kutoka pale alipogusa bibi mpaka kwenye mkaa. Vidole vitatu vizima.

Akasimama wima mbele yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba,” akajibu Ludovika, akimtazama kwa wasiwasi. “Lakini si umeshanisalimu?”