Buti Zangu Kwenye Udongo wa Ukweni

Mjukuu wangu, kuna siku moja kila nikiikumbuka najikuta napapasa sikio la kushoto, nadhani tope la Chiola bado limo. Cheka, lakini sogea karibu. Sasa hivi nimekuona umekanyaga udongo kidogo tu, mara umeinama unatafuta kitambaa cha kufutia kiatu. Hata mimi nilikuwa hivyo, tena nilikuzidi.

Ujana wangu uliangukia miaka ile Wazungu wa karanga walipoingia Nachingwea na makatapila yao. Nikapata kazi ya kumsaidia fundi mmoja wa Kizungu, nikapewa kaptula ya kaki na buti nyeusi zilizonizidi kipimo. Yule fundi alikuwa na neno lake: dati. Udongo wa shambani, dati. Doa la grisi kwenye shati, dati. Vumbi likiingia kwenye chai yake, dati, na hapo anapiga kelele mpaka kunguru wanahama. Nikajiambia, kumbe kwa walioendelea udongo na uchafu ni tumbo moja! Mimi niliyetambaa kwenye sakafu ya udongo nikaanza kukunja pua. Nilifika nyumbani Mtua nikamwambia mama asinitandikie mkeka chini, kuna dati. Mama akaguna, akautandika palepale.

Basi nikampenda Zainabu wa Chiola. Usiniulize nilimpendea nini, mwenyewe yuko jikoni na masikio anayo. Kwetu, kama ujuavyo, kijana hambebi binti wa watu kama kuku wa mnadani. Unakwenda ukweni, unalima, unajenga, na mjomba wa binti ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba wake alikuwa Mzee Nambunga, mfupi, asiye na haraka hata nyuki wakimfukuza. Akaniambia, "Simamisha nyumba, uikandike. Ikikauka kabla ya mvua, unaoa. Isipokauka, buti zako zinaijua njia ya Nachingwea."

Miti nikasimamisha, fito nikafunga, hapo sina aibu. Ikabaki kukandika. Mzee Nambunga akanionyesha kichuguu nyuma ya mikorosho, akasema nichimbe pale. Nikapiga jembe mara tatu, likaruka mara tatu. Nikatupa macho bondeni, nikaona udongo mweusi, laini, umelowa wenyewe. Nikasema, aa, udongo ni udongo, dati ni dati, ya nini kujiua? Nikausomba ule wa bondeni siku mbili, huku napiga mluzi.

Siku ya kuukanyaga nikaingia shimoni na buti zangu. Ndiyo, na buti! Ningevuaje, nikanyage uchafu kwa miguu mitupu, mtu wa makatapila? Hatua ya kwanza nikaenda. Ya pili nikaenda. Ya tatu, buti zikashikwa. Nikavuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazama zaidi. Nikavuta wa kushoto, nikaenda ubavu, pwaa! Sikio zima likajaa.

Hapo hapo akatokea mama mkwe, ndoo ya maji kichwani. Lo! Mwanangu, nyie leo mnakaa na wakwe mnakunywa nao soda. Sisi, mkwe ukikutana naye njiani unaingia porini. Humtazami usoni, humsemeshi, wala yeye hakusemeshi. Sasa mimi nitaingia pori gani, na miguu imeshikwa? Nikafumba macho. Yeye akanipa mgongo, ndoo imetulia kichwani. Tukakaa hivyo, mimi nimelala kwenye tope, yeye ametazama nyumba ya jirani.

Kisha nikamsikia anazungumza na kuku aliyekuwa akiparua pale.

"Wewe kuku," akasema kwa heshima zote, "mwambie mgeni avue viatu, miguu itatoka. Na umwambie udongo huo ni wa kufinyangia vyungu. Ukutani hautakaa."

Nikavua, nikatoka, buti zikabaki chini. Lakini kiburi si maungwana. Maneno ya viatu niliyasikia vizuri, ya udongo nikamwachia kuku. Nikakandika nyumba nzima kwa tope lile la bondeni.

Siku ya nne ukuta ukaanza kupasuka. Siku ya sita nyufa zilikuwa pana, ukisimama nje unamwona aliye ndani na unajua kama amenyoa. Siku ya nane upande wa mlango ukashuka wote kwa mpigo. Na mawingu huko Ruangwa yalikuwa yameshaanza kukaa kikao. Nikajua Zainabu ndiyo nimemkosa. Nilikaa kwenye kifusi nikalia, nakwambia kweli, kwa sauti.

Mzee Nambunga akaja, akazunguka nyumba polepole, akakaa chini mbele yangu, juu ya udongo.

"Buti ziko wapi?"

"Zimezama, mjomba."

"Basi leo huwezi kurudi Nachingwea," akasema, wala hakucheka. "Unauita uchafu, nimesikia. Chungu unacholia ugali kimetoka wapi? Zainabu akipata mimba atatafuna udongo wa kichuguu hiki hiki, utamwambia anakula uchafu? Na mama mkwe wako siku akifa, utamfunika kwa kaki yako? Kamata jembe."

Nikalikamata. Nilichimba kichuguu kile mpaka viganja vikatoka damu, nikakanyaga miguu mitupu, nikakandika upya, nikasiriba. Ukuta ulikauka Alhamisi, mvua ikashuka Ijumaa. Nikiwa nimesimama mlangoni, mama mkwe akapita amejitanda, akasema, "Kuku, mwambie huyo, sasa ni mwenyeji."

Karanga za Wazungu ziligoma, mashine zikaondoka. Nyumba ile ilitulelea watoto watano. Na siku mama mkwe alipofariki, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Miaka yote ile sikuwahi kumgusa hata mkono. Nikamlaza, nikaurudisha udongo kwa mikono yangu, na nilikuwa peku.

Basi shika haya, mwanangu. Kila udongo una kazi yake, na kila mtu vilevile. Usikiite kitu uchafu kwa sababu aliyevaa buti amekiita hivyo. Ukionyeshwa kichuguu, chimba kichuguu, bonde laini lina gharama yake. Udongo uwahi ungali maji. Na onyo likikufikia kwa mdomo wa kuku, lipokee lote, usichague nusu.

Mola akujalie ukuta usiopasuka, mke atakayekucheka bila kukuacha, na ukweni pasikose kuku. Sasa futa hicho kiatu, bibi yako anatuita kula. La, usikifute. Njoo nacho hivyo hivyo.