Chumvi Dirishani

Mama Ernestine alianza kumshuku jirani yake, mwalimu wa biolojia, alipoona vidole vyake vimejaa chumvi. Kila asubuhi mwalimu alichonga shimo katika kiazi kibichi, akalijaza chumvi, akakiweka dirishani. Jioni shimo lilijaa maji. Mwaka ule Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walikuwa wakifukuzwa Kolwezi na kurudishwa kwao kwa treni, naye mwalimu alikuwa Mkasai. Kama ile haikuwa dawa ya kuwaloga vijana wa mtaa, ilikuwa nini? Jioni moja Mama Ernestine akamwita mwalimu kupitia ua.

“Tata mwalimu, ile mayi ya mu shimo unatoa wapi?”

“Mu kiazi, mama. Kila seli iko na ngozi nyembamba. Chumvi inavuta, ngozi inaacha mayi ipite.” Alisema polepole, kama yuko darasani, akijifuta vidole kwenye suruali.

“Masomo ilifungwa. Unafundisha nani?”

Mwalimu akainamisha kichwa. “Mutoto wako Mignonne. Ukienda ku soko, anakuya hapa ku dirisha.”

Mama Ernestine akageukia barabara. Mchana alikuwa amekwisha kuwaambia vijana wa mtaa, wale waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, habari za dirisha lile. Sasa alitega sikio upande wa stesheni, akiomba treni ya kwenda Kasai ipige honi na kumchukua mwalimu kabla vijana hawajafika.