Esta na Maji ya Kuoshea Kahawa

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha huko bila kujua. Umekuja na daftari lako la sayansi nikusaidie kuchora seli. Umechora utando, umeweka kiini katikati, ukasema kwa sauti kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, mhindi wa shambani, kuku na mtu. Umesema vizuri. Mimi katika umri wako nilisema vizuri kuliko wewe, na ndiyo maana nimeshindwa kukutazama usoni.

Nilikuwa darasa la saba, huku huku Mbozi. Mdogo wangu Esta alikuwa na miaka tisa, na kila baridi ilipozidi alilia kwamba mifupa inamuuma. Mama alimbeba hadi hospitalini, nami nikafuatana nao. Mpimaji wa damu, mzee mpole aliyependa watoto wa shule, akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Alinieleza kwamba chembe nyekundu za damu ndizo zinazosambaza oksijeni mwilini, na zinatakiwa ziwe za mviringo na laini ili zipite kwenye mishipa myembamba. Za Esta, nyingi zilikuwa zimepinda kama mundu. Zikipinda zinakwama, na pale zinapokwama seli nyingine zinakosa hewa, ndipo maumivu yanapoanza. Ugonjwa wenyewe ni selimundu, akasema, na mtoto ameurithi kwa baba na mama ambao wao hawaumwi. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi.

Basi nikapata la kujivunia. Shuleni nilisimama mbele ya darasa nikaeleza yote hayo, nikapigiwa makofi. Mama, ambaye hakujua kusoma, alimfumia Esta sweta na kumkataza kukanyaga kahawa.

Siku hizi kazi hiyo hamuijui. Kahawa ikishamenywa na kulazwa ndani ya maji, sharti ioshwe hadi utelezi wote utoke, na sisi tuliikanyaga kwa miguu mferejini, asubuhi mapema, maji yakiwa ya kugandisha vidole. Siku hiyo mama alikwenda sokoni Mlowo, akaniachia kazi. Wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani tucheze mpira. Esta alikaa ukingoni, amejifunika kitenge, nami nikaona anastarehe huku mimi nateseka. Nikamwambia ugonjwa wake huja siku za kazi tu, avue viatu aingie tumalize upesi.

"Kaka, mama alikataza," akasema.

Nikamjibu kwamba mama hayupo. Akaingia. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linalonimaliza mpaka leo.

Jioni hakuweza kunyoosha magoti. Usiku kucha alipiga kelele, na kulipokucha kifua nacho kikaanza kumbana. Mama, aliyekuwa amesharejea, alimrudisha hospitalini akiwa mgongoni, na siku ya tatu Esta akafariki.

Baada ya mazishi mama aliniita jikoni. Nilitamani anichape, lakini hakunigusa.

"Mimi niliambiwa tu, nikaamini," alisema. "Wewe damu ya mdogo wako uliiona kwa macho yako."

Hakuyarudia maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Mtihani wa mwisho nilifaulu. Swali la seli lilikuwemo, nikalipata lote. Wachungaji wameniombea, miaka imepita mingi, na bado sijapona. Usidhani ninakusimulia ili nipate nafuu, maana nafuu yenyewe sijaiona na sitegemei tena kuiona.

Ninachokutaka ni hiki, mwanangu. Ukifundishwa habari ya mwili, kabla hujakimbilia kujibu swali, jiulize ni nani hapa nyumbani mwenye mwili huo. Mtu akikwambia anaumwa, mwamini kabla hujamwona akilia. Na ukikatazwa jambo kwa ajili ya usalama wa mwenzako, shika katazo hilo zaidi siku ile ambayo hakuna mkubwa wa kukuona.

Haya, maliza kuchora. Mungu akupe akili, mwanangu, na akupe huruma inayofika kabla ya hasira. Huruma yangu ilifika Esta akiwa ameshaingia majini.