Gitaa Lisilo na Waya
Mpiga gitaa wa bendi yetu na tuzo za muziki za taifa hawapikiki chungu kimoja. Kila mwaka huvuta sharubu na kulalama, "Tuzo gani hizi? Mwenye sauti anakosa, mwenye suti anapata!" Na kila mwaka tukialikwa kutumbuiza, yeye ndiye wa kwanza kupiga viatu rangi. Mtu huyu atanitoa roho. Safari hii tuliambiwa tusipige chochote: wimbo utatoka kwenye kompyuta, sisi tushike vyombo tu na kutabasamu. Alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Tuzo za muziki, halafu muziki wenyewe hautakiwi!" Nikadhani tunaondoka. Wapi! Nyuma ya pazia nikamkuta ameliinamia gitaa lisilo na waya wa kwenda kwenye spika, anakaza uzi, anasikiliza, analegeza, anasikiliza tena. "Kaka, nani atakusikia?" Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. Jukwaani vidole vilimkimbia juu ya nyuzi, jasho likamtiririka, huku ukumbi mzima ukiisikia kompyuta. Tuliposhuka, watu bado wanashangilia, akanivuta kando, uso umemshuka.

"Nisamehe, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Ubeti wa pili niliteleza."