Nyumba Arobaini na Moja za Ibtihal

Saa tatu asubuhi, Ibtihal Batayneh anabisha mlango katika mtaa wa juu mjini Irbid, huku akiomba kimoyomoyo wenye nyumba wawe wamehama. Hawajahama.

"Karibu, mwanangu!" anasema mwenye nyumba, bibi mnene aitwaye Umm Raed. "Mbona uso umekukunjamana hivyo? Majibu yangu yalikuwa mabaya?"

"Mbaya ni mimi, mama."

Ibtihal, 46, ni mdodosaji. Amehoji watu majumbani kwa miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita chama cha watafiti wa maoni, kinachokagua kazi za wanachama wake, kiliwapigia simu wanawake aliodai kuwahoji kuhusu maji. Arobaini na mmoja walisema hawajaulizwa lolote.

Hakukaa kwake akajijazia makaratasi, kama wavivu wengine. Kila nyumba alifika. Ila kanuni ya chama inataka mwanamke wa nyumba anayeangukiwa na kura ajibu mwenyewe, lakini kura ikimwangukia mkaza mwana, anayedakia majibu ni mama mkwe.

"Ukishakunywa kahawa ya mtu, utamwambiaje anyamaze?" anauliza, akitazama viatu vyake. "Nikaandika jina la mkaza mwana, maneno ya mama mkwe."

Ripoti ikasema wanawake wa mtaa huo hawana shida ya maji. Chama kimezuia kadi yake, na bila kadi hapati kazi popote. Alhamisi kamati ya chama itaamua, akishawahoji upya wote.

Leo kahawa inaletwa, anaiacha mezani. Irbid nzima inajua maana yake: mgeni ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Ala! Umekuja kuposa?" Umm Raed anacheka. "Binti zangu wote wameolewa!"

"Namwomba Sawsan, mke wa Raed. Dakika ishirini, peke yake."

Bibi anaguna, kisha anainuka. "Haya, mchukue. Ila kunywa, inapoa."

Bibi akishatoka, Sawsan anaingia na kukaa. Hangoji swali.

"Siku ile kahawa nilikuletea mimi, dada. Hata usoni hukuniangalia."

Ibtihal anaona haya mpaka masikio yanawaka. Anauliza kwa sauti ndogo: maji yakija, nani huyakinga?

"Mimi. Mara moja kwa wiki. Tangi la juu ya paa limepasuka, nimepanda huko na ndoo nikiwa na mimba ya miezi minane. Andika hivyohivyo."

Anaandika hivyohivyo.

Zimebaki nyumba kumi na nne. Akirudishiwa kadi, anataka kuwafundisha wadodosaji wapya. Asiporudishiwa?

"Nitaiomba kamati kitu kimoja," anasema. "Niwasomee madodoso mawili ya Sawsan, langu la uongo na hili lake. Wakishasikia, wanifukuze."